Boneti ya Moto

Shigela, mkulima wa Sapiwi, aliuza ng'ombe saba mnadani ili apate pikapu ya kubebea pamba. Hela yenyewe ilikuwa ya kubana, akikosea ndiyo basi tena.

"Hii haijaguswa tangu jana, mzee wangu," dalali wa magari wa pale Somanda alimwambia, akichomoa ufunguo mfukoni. "Utaona inavyowaka."

Kabla haijawashwa, Shigela aliweka kiganja juu ya boneti, kama anavyompapasa ng'ombe mgongoni. Ilikuwa ya moto, na gari lilikuwa kivulini. Dalali akawasha, likaitika papo hapo.

"Zima," Shigela alisema. "Nasubiri lipoe, halafu uwashe tena, tuone kama litawaka likiwa la baridi."

Dalali akaanza kushusha bei bila kuombwa.

Shigela alifungua mdomo amseme. Hapo akamkumbuka yule dume mwekundu, mmoja wa wale saba, aliyekuwa akichechemea, jinsi alivyomtembeza tangu alfajiri mpaka mguu ukalainika, ndipo akamwingiza mnadani akitembea vizuri kabisa.

Aliondoka bila gari. Mpaka anafika Sapiwi, hakuwa amepata tusi hata moja la kumtukana dalali.