Kitabu Kilichorudi Safi

Kwa miaka ishirini na sita Bu Sarmini, yaani Mama Sarmini, aliazimisha vitabu katika kiduka chake nyuma ya shule ya sekondari mjini Purwokerto, Indonesia, na hata siku moja hakumwambia mtu asome nini. Kazi hiyo aliwaachia watoto wenyewe. Walimiminika saa za kutoka shule, viatu wakavitupa mlangoni, kelele tupu.

"Chukua hiki, nakwambia!" Galih, aliyekuwa na mdomo kuliko wote, alimsukumizia mwenzake kitabu kifuani. "Mimi nilikisoma kwenye basi nikapitiliza vituo vitatu. Nikarudi kwa miguu!"

"Wewe hata ukisoma tangazo la sabuni unapitiliza."

Bu Sarmini aliwapenda, lakini hakuwaamini. Watoto wa umri ule wanaweza kusifu kitabu kwa sababu tu msichana fulani amekisoma. Yeye aliamini madoa. Kitabu kikirudi alikifungua penye mwanga, akakikagua kama anayechambua mchele: punje ya wali, pilipili, alama ya kidole chenye mafuta ya mendoan, zile tempe za kukaanga, vipande vya soya iliyochachushwa, ambazo mji mzima unazitafuna mchana kutwa. Aliyeshindwa kukiweka kitabu chini hata wakati wa kula, huyo ndiye aliyekipenda. Kitabu kilichokaa mwaka mzima bila doa kilikwenda kwa Pak Wardi, muuza mendoan wa jirani, kikawe karatasi za kufungia. Alijivunia sana jicho lake hilo.

Jumatatu moja ya mvua alikuwa akiufunga kwa kamba mzigo wa Pak Wardi. Juu kabisa ilikaa riwaya inayomhusu fundi miavuli, safi kama ilivyotoka kiwandani. Akaingia Wening, msichana wa miaka kumi na tano, mpole kupita kiasi. Kwa miaka miwili maneno yake pale dukani yalikuwa "Hodi, Bu" na "Asante, Bu," basi. Alipouona ule mzigo, akaganda mlangoni huku maji yakimchuruzika.

"Hicho kinakwenda wapi, Bu?"

"Kwa Pak Wardi. Hakuna anayekipenda."

"Mimi nakipenda!" Sauti ilitoka kubwa, hata mwenyewe akashtuka. "Si nimekiazima mara nne?"

"Mara nne, naam, na mara zote kimerudi hakina hata alama. Nikadhani kinakushinda."

"Nanawa mikono, Bu. Nakifunika na mfuko wa plastiki. Halafu sili." Machozi yalimlengalenga. "Nimekitafuta kila mahali, hakipo. Kikienda kufungia mendoan, ndiyo basi tena."

Bu Sarmini alibaki ameshika kamba. Ni vitabu vingapi vya watoto wanaonawa mikono alivyokwisha kuvipeleka kwa Pak Wardi? Aliona aibu, aibu ya kweli, na hakuwa na wa kumlaumu.

"Nenda nyumbani, Nduk, mwanangu, utashikwa na mafua," alisema. "Njoo Ijumaa. Siahidi kitu. Acha nikisome kwanza."

Ijumaa Wening alifika wa kwanza. Kitabu kilikuwa mezani. Alikifungua, na katikati yake akakuta doa la mafuta pana kama kiganja.

"Bu! Nani amekichafua?"

"Mimi." Bu Sarmini aliangalia pembeni. "Nilikuwa nakula. Nikafika pale binti anapokutana na baba yake njiani, kabeba miavuli ya watu mgongoni, naye binti akajifanya hamjui mbele ya wenzake. Mendoan ikaniponyoka."

Wening alilipapasa lile doa kwa kidole. "Hapo na mimi huwa nakiweka chini kidogo, Bu."

Wenzake walikwisha kuingia. Galih alichungulia juu ya bega lake, mendoan mkononi, midomo inang'aa mafuta.

"Kizuri hicho, Bu?" aliuliza kwa utani tu, kwani alijua hajibiwi.

"Kizuri," alisema Bu Sarmini. "Kichukue wewe."

Galih akanyoosha mkono. Bu Sarmini akakivuta kitabu kifuani kwake.

"Kanawe kwanza."