Siku Nilipomwitikia Binti Yangu

Jamani, msinicheke kabla sijamaliza, maana nawajua, mkishaanza hamnyamazi, na jambo lenyewe ni la aibu kiasi kwamba mpaka leo nikipita nje ya ile shule, mtu akiniangalia mara mbili tu navuta buibui usoni na kuongeza mwendo, najifanya nimeacha chungu jikoni. Wanawake wa Bagamoyo wamefanya vituko vingi, vingine nimeviona kwa macho yangu, lakini aliyevuruga majaribio ya mwanawe wa kumzaa, mbele ya wageni wa kutoka Dar, ni mimi peke yangu.

Ilikuwa miaka ile ya sabini mwanzoni. Binti yangu Tatu alikuwa amemaliza kidato cha nne, na redio ikatangaza kwamba kuna chuo cha sanaa huko Dar kinatafuta vijana wanaoweza kuimba, kucheza na kuigiza, vyote vitatu kwa mtu mmoja, na kwamba walimu wake watafika mpaka Bagamoyo kuwajaribu vijana wa huku kwetu. Tatu alisikia lile tangazo akiwa ameshika ufagio, akauachia ukaanguka, akabaki amesimama vilevile mpaka taarifa ya habari ikaisha. Baba yake ni fundi cherehani, anashonea barazani, na yeye aliposikia alicheka mpaka akaharibu mshono. (Kuimba kumbe nako kuna chuo, akasema? Je, kupiga soga wanafundisha wapi, nikampeleke mama yake?) Lakini aliuona uso wa mtoto, akaacha kucheka.

"Mara moja tu," akasema, uzi uko mdomoni. "Wakimchukua, nitampeleka Dar mimi mwenyewe, na sanduku nitabeba. Wakimkataa anakaa hapa kwenye cherehani, na habari za michezo sitaki kuzisikia tena ndani ya nyumba hii."

Kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe Mama Tatu, nakuomba kitu kimoja. Huko ukafunge mdomo."

Ananijua huyu. Inabidi niwaeleze, hasa ninyi mliokuja mjini juzi juzi, kwamba kwenye kundi letu la lelemama, ile ngoma ya kina mama, mimi sikuwahi kuanzisha wimbo hata siku moja, sauti yangu si ya kukaa mbele, ni nene na ina mikwaruzo, lakini kuitikia, hapo ndipo nilipokuwa nikiitwa hata kwenye harusi za watu nisiowajua. Nakaa nyuma, mwenye wimbo anatupa neno lake, mimi nalidaka. Na kwetu sisi, mtu akianzisha wimbo halafu mkamwachia hewani, mkakaa kimya mnamtazama, basi mmemtukana, tena heri mngemtukana kwa maneno, angalau angejibu. Nawajua wanawake walionuniana mpaka wajukuu kwa sababu ya wimbo mmoja ulioachwa bila kuitikiwa.

Basi siku ikafika. Majaribio yalikuwa kwenye ukumbi wa shule, na nje kulikuwa na kibanda cha makuti ambako tulikaa wazazi na vijana wetu, watu wametoka Lugoba, Msata, hata Mkange, wengine walilala kwa ndugu zao mjini, wengine sijui walilala wapi, maana walikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Nikawatazama wale watoto nikastaajabu. Huyu anazungumza na ukuta na ukuta unaonekana unamjibu, yule anaanguka chini, anakufa, anafufuka, anajipangusa na kufa tena, kijana mmoja anapumua kwa nguvu hadi nikataka kumwitia mganga. Sisi wazazi ndio tuliokuwa tukitetemeka. Mzee mmoja wa Lugoba, mtu mkubwa mwenye mwavuli mweusi, alimnunulia mwanawe viatu vipya kwa ajili ya siku ile na viatu vikambana, sasa baba ndiye aliyekuwa amevivaa anavipanua. Mimi nilikuwa na tangawizi na asali kwenye chupa, namnywesha Tatu kila akifungua mdomo.

"Mama, inatosha," akasema. "Nitatapika mbele yao."

Mara akatoka mwalimu, mama mmoja mrefu mwenye miwani, nywele zake kazifuga zimekuwa duara kubwa, akatuamkia kwa adabu zote, shikamooni wazazi, kisha akasema, "Wazee wangu, ndani wanaingia vijana tu. Ninyi naomba mtusubiri hapa hapa." Tukaitikia sote, ndiyo mwalimu, na mimi nikaitikia kuliko wote.

Tatu akaitwa. Akaenda. Na alipokwisha kuingia ndipo nikaona kwenye kikapu changu ile kanga yake ya kujifunga kiunoni wakati wa kucheza, imekunjwa vizuri, imenitulia. Sasa ningefanyaje? Nikajiambia nampelekea kanga natoka, hatua mbili tatu, hakuna atakayeniona. Basi jamani, shida yote ilianzia kwenye kanga ile, maana nilipofungua mlango Tatu alikuwa tayari amesimama katikati, walimu watatu wako mezani, na mmoja wao ana mashine ya kunasia sauti yenye kanda zinazozunguka, nikaona nikitembea sasa nitaharibu. Nikakaa kwenye benchi la mwisho. Mlango nikauacha wazi kidogo (nisije nikaugongesha). Yule mzee wa Lugoba akaona mimi nimeingia na sijafukuzwa, naye akaingia kwa ncha za vidole na vile viatu vinalia. Nyuma yake akaingia mwingine. Kufumba na kufumbua benchi limejaa, wazazi tumekaa na vikapu mapajani, na walimu wala hawajui, wameinamia karatasi zao.

Tatu akaanza kuimba.

Sauti ile nilikuwa naisikia kila siku nyumbani, akifua, akichota maji, na nilidhani naijua. Sikuijua. Ilitoka polepole ikajaa ukumbi mpaka juu kwenye bati, na mimi niliyemzaa nikajikuta nimejishika kifua, nywele zimenisimama, najiuliza huyu mtoto wa nani. Alikuwa ameuchukua wimbo wetu mmoja wa kina mama, ule wa mgeni, kaupunguza mwendo mpaka umekuwa wa huzuni.

"Hodi hodi wenye mji, mgeni yuko mlangoni…"

Akanyamaza. Pale ndipo mahali pa kuitikia. Nikawatazama walimu. Kimya! Wanaandika! Tatu akasimama pale mikono imelegea, akaimba tena, "Hodi hodi wenye mji, mgeni yuko mlangoni," akanyamaza tena, na kimya kile kikarefuka, na yule mama mwenye miwani hata kichwa hakuinua. Wanamtukana mwanangu, nikasema moyoni, wametoka huko kote kuja kumtukana. Nikamkumbuka mume wangu na uzi wake mdomoni. Nikaubana mdomo. Naapa nimeubana. Sauti ikapita hivyo hivyo.

"Mkaribisheni! Mpeni kiti akae!"

Ilitoka nzima, ile ya harusini, ya kusikika mpaka sokoni. Na sasa wenzangu, mimi ndiye niliyekosa, lakini benchi zima lilikuwa la watu wa pwani, nao walikuwa wameumia kama mimi, wakanipokea! Mzee wa Lugoba akashusha sauti nzito mpaka madirisha yakalia, huku anagonga sakafu kwa mwavuli. Mama wa Mkange akapiga kigelegele. Mimi nilishapandwa na mori, sikumbuki kuinuka, nakumbuka tu niko katikati ya ukumbi namfunga mwanangu kanga kiunoni kumtunza, kama anavyotunzwa mtu aliyeimba vizuri, na watu nyuma yangu wanacheza. Tatu alikuwa amefumba macho. Nilidhani ni raha.

Mzee wa Lugoba akaja naye kutunza, kwa vile viatu, akakanyaga waya, ile mashine ikavutwa ikaanguka kwa kishindo, na kanda yake yote ikamwagika sakafuni.

Hapo tukanyamaza.

Mwalimu mwenye mashine akapiga magoti, akaiinua kanda, imekatika vipande. "Hii ndiyo tuliyobaki nayo," akasema. "Wanaochagua wako Dar. Wanasikiliza hii."

"Na hata isingekatika," akasema yule mama mwenye miwani, wala hakufoka, afadhali angefoka, "sauti iliyomo ni yako wewe, mama. Itabidi binti ajaribu tena mwaka ujao."

Mwaka ujao! Nyumbani hakuna mwaka ujao, kuna cherehani. Nikamwambia, mwalimu, nisamehe, mwanangu alikuwa anaimba na hakuna anayemwitikia, mtu ataachwaje peke yake namna ile?

"Tulitaka tuone anavyosimama peke yake," akanijibu.

Jamani, nilitamani ardhi inimeze na kikapu changu. Tukatolewa nje wazazi sote, tumeinama, mzee wa Lugoba kavua viatu vya mwanawe amevishika mkononi. Tatu hakuniangalia. Wenzangu wakarudi kibandani, mimi nikazunguka nyuma ya ukumbi, kwenye dirisha, nikalie mahali ambapo hakuna mtu, na pale dirishani ndipo nilipomsikia mwalimu anasema, labda kwa huruma, "Haya Tatu. Kuimba kumeshapotea. Hebu tuonyeshe mtu unayemjua. Usiseme neno."

Tatu akaifungua ile kanga kiunoni, akajitanda, na kufumba na kufumbua mle ndani nikaingia mimi.

Ni mimi! Mwendo wangu, bega langu moja lililoshuka kwa kubeba vikapu, namna ninavyovuta pua kabla ya kusema uongo. Aliingia kwa kunyemelea, akakaa kwenye benchi, akaubana mdomo kwa vidole viwili, ukafunguka, akaubana tena, na wale walimu wakaanza kucheka, yule wa mashine alilaza kichwa mezani. Mimi dirishani nikaona sawa, acha wacheke, nimestahili. Lakini hakuishia hapo. Akainuka, akaketi chini, na kwa mikono tu nikaiona mbuzi ya nazi imetokea mahali ambapo hapakuwa na kitu. Anakuna. Ni alfajiri, najua ni alfajiri kwa jinsi anavyokuna kwa woga wa kuamsha watu. Midomo ikaanza kucheza, akainua shingo, na mama yule akaanzisha wimbo, bila sauti, yeye mwenyewe ndiye anayeanzisha. Akanyamaza. Akageuza sikio, akasubiri. Hakuna aliyeitikia. Akainama akaendelea kukuna nazi.

Nilidhani hakuna anayejua. Miaka yote ile, kila alfajiri nikikuna nazi naanzisha wimbo kwa sauti ya kunong'ona, mimi ambaye mbele za watu sithubutu, na mtoto nilidhani kalala. Alikuwa akinitazama. Nikashika nondo za dirisha nikalia, na sikulia kwa aibu tena, nililia kwa mshangao, kwamba mwili mmoja mwembamba ule unaweza kukubeba mzima, na siri zako, ukakuweka mbele ya wageni, na wageni wakakuheshimu. Maana walishaacha kucheka. Yule mama alikuwa amevua miwani.

Baadaye mwalimu huyo alikuja kunikuta pale nyuma. "Kanda hatuna," akasema, "lakini nitakwenda kuwaeleza mwenyewe nilichokiona." Akawaeleza, na Tatu akachukuliwa. Baba yake alibeba sanduku kama alivyosema, na njia nzima alikuwa akiwasimulia watu kisa cha mkewe, mpaka tulipofika Dar dereva wa basi alikuwa akinisalimu kwa kuniimbia.

Mimi nikaapa. Nikaapa kwa Mola wangu kwamba mwanangu akisimama mbele za watu, mimi sitafungua mdomo, hata nyoka akiniuma.

Miaka ikapita, wakatualika wazazi kwenye onyesho lao la kumaliza chuo. Nikakaa nyuma kabisa. Taa zikawashwa, akatoka Tatu peke yake, mtu mzima, na hakuna aliyekohoa. Akaimba nini? "Hodi hodi wenye mji, mgeni yuko mlangoni." Akanyamaza. Akatazama huku nyuma. Nikachukua upindo wa kanga nikauuma kwa meno. Akaimba tena, akanyamaza tena, kimya kirefu, macho yake bado huku nyuma, na mimi nauma mpaka taya zinaniuma, machozi yananitoka kwa jinsi ninavyojizuia. Mwisho akageuka, akaendelea peke yake, na watu wakampigia makofi mpaka nikadhani paa litaruka.

Nikamkimbilia, nikamkumbatia, nikajisifu. "Umeona mama yako? Leo nimetulia!"

Tatu akajitoa mikononi mwangu.

"Mama," akasema, "pale nilikuachia wewe. Mwalimu aliniuliza nani ataniitikia, nikamwambia yupo, atakuwa amekaa nyuma."

Basi jamani, ndiyo hivyo. Mara ya kwanza nilifungua mdomo ilipotakiwa niufunge, mara ya pili nikaufunga, na ile ya pili ndiyo inayoniamsha alfajiri. Viapo nimeacha. Siku hizi akinialika, kabla sijakaa kitini namfuata huko nyuma ya pazia na kumuuliza kabisa, mwanangu, leo niitikie au ninyamaze?