Viboko vya Likizo

Rigobert Mwila si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloudhi. Angekuwa mlevi au mhuni, habari yake ingekwisha kwa mistari miwili. Lakini yeye ni mtu wa kanisa na mtu wa kazi. Anaendesha lori kubwa la kubeba mawe katika mgodi mmoja wa shaba upande wa Kinsevere, na mshahara wake unafika nyumbani, mtaa wa Hewa Bora, bila kupitia baa. Uliza mtaani kwao, watakuambia: Papa Plamedie ni baba kweli.

Ni baba wa siku sita. Siku ishirini na nne anakaa kambini, siku sita anakaa nyumbani, kisha basi la kampuni linamchukua tena. Yule aliyekaa ofisini akapanga ratiba hiyo alipima mafuta, akapima matairi, akapima hata usingizi wa madereva wasije wakapindua malori. Mtoto wa miaka saba hakumpima, maana mtoto hachimbi shaba.

Mtoto mwenyewe ni Plamedie, binti yao. Mama yake, Edith, anauza bitoyo, samaki wale wa chumvi, sokoni. Anatoka kabla jua halijachomoza akiwa na kichanga mgongoni na beseni kichwani, na akirudi amechoka hata kiatu hakimtoki mguuni. Mtoto naye ni mtoto. Leo atavunja sahani, kesho atapoteza kalamu, keshokutwa atakataa kuoga. Edith hakuwa na nguvu za kugombana naye kila jioni, basi akashika njia ya mkato ambayo wake wengi wa watu wa migodini wanaijua.

"Fanya tu," alikuwa akisema bila hata kugeuza shingo. "Papa akifika, mutasikilizana."

Na papa alikuwa akifika. Kabla hajavua viatu, Edith anamsomea makosa ya wiki tatu na nusu, moja baada ya jingine, kwa kichwa, maana mwanamke huyo ana kumbukumbu ya ajabu. Rigobert anachukua mkanda unaoning'inia nyuma ya mlango. Anapiga. Kisha moyo unamuuma, anamshika mtoto mkono, anamnunulia mikate ya mafuta na soda, anambeba mabegani barabara nzima huku majirani wakiwapungia. Siku tano zinazobaki ni vicheko vitupu.

Yeye aliona hivyo ndivyo alivyolelewa. Baba yake, mzee Ruben, alifanya kazi karakana ya reli, na mkono wake haukuwa mwepesi. Lakini Ruben alirudi kila jioni kwa baiskeli. Kofi lake lilikuja papo hapo na kosa, na bukari, yaani ugali, ilipotengwa kila mtu alikwisha kusahau. Mtoto anayechapwa leo kwa sahani aliyoivunja siku kumi na nane zilizopita haikumbuki tena sahani. Anachokumbuka ni sura ya baba yake mlangoni. Rigobert, dereva anayejua kila mlio wa injini, hakulijua hilo.

Na nani angemwambia? Kambini wanaume wenzake walijisifia. Kapya, aliyelala kitanda cha juu yake, alikuwa akijipiga kifua: "Mutoto yangu akisikia tu mulio ya bisi ya kampuni, eko chini ya kitanda!" Chumba kizima kilicheka. Rigobert naye alicheka.

Mwezi wa tisa mashine ya kusaga mawe ilikufa. Madereva wakarudishwa nyumbani kabla ya wakati, na kampuni, kwa ukarimu wake, ikazihesabu siku hizo kuwa ndizo likizo yao. Rigobert hakupiga simu. Alitaka kuwashtukiza.

Alifika alasiri, na kabla hajafika kwenye uzio alisikia sauti ya msichana akiwafokea wengine: "Hapana! Mukono juu! Munacheza kama bazee!" Ilikuwa sauti nene, ya mtu mwenye amri. Alichungulia, akakuta ni binti yake, anawafundisha ngoma watoto wanne wa jirani. Akasimama hapo akitabasamu kama mjinga. Hakujua kwamba mwanawe ana sauti kubwa namna hiyo. Miaka saba, na hakujua.

Kisha Plamedie akamwona.

Sauti ilikatika. Hakumkimbilia, wala hakumkimbia. Aliingia ndani, akatoka na mkanda umekunjwa mara mbili, ameushika kwa mikono yote miwili kama tunavyompa kitu mtu mkubwa. Akampa. Akalala kifudifudi juu ya benchi.

"Karibu, papa. Mama hayafika, lakini miye najua yote. Nilivunja kikombe. Nilidanganya maîtresse wa ku masomo. Ya tatu nilisahau, utamuuliza mama." Akaweka shavu juu ya ubao. "Piga sasa, halafu twende kununua mikate."

Watoto wa jirani walikaa chini kusubiri. Hawakushangaa hata kidogo, na hilo lilimchoma Rigobert kuliko yote. Walisubiri kama watu wanavyosubiri mvua ipite ili mchezo uendelee.

"Nani alikufundisha hivi?" aliuliza.

"Hakuna muntu. Ukimaliza kunipiga, unakuwaka muzuri."

Damu ilimchemka. Aliwafukuza wale watoto, akamwinua Plamedie, akabaki anazunguka uani hadi Edith aliporudi na beseni lake. Hakumpa hata nafasi ya kulitua.

"Mama Plamedie, weye ulifanya nini na mutoto yangu?"

Edith alimtazama, akautazama mkanda, akaelewa. Akalitua beseni polepole.

"Miye? Weye unakuyaka siku sita. Siku zote zingine ni miye. Minaamuka saa kumi, minarudia miguu inavimba. Mutoto akinishinda, nimutishe na nini? Na picha yako?"

"Usitaje tena jina yangu kwa mambo ya fimbo!"

"Sawa. Basi unaachia siye nini ingine, papa Plamedie? Mukono yako inaenda na weye. Sauti yako inaenda na weye." Akamsogelea. "Na huu mukaba, ni miye njo nilikuwa naukamata?"

Rigobert alimchukia mkewe kwa dakika ile kwa sababu alisema kweli, na akajichukia mwenyewe zaidi. Alichuchumaa mbele ya binti yake akamwapia kwamba hatampiga tena, si leo, si siku nyingine.

Ungedhani mambo yangekwisha hapo. Plamedie hakuamini hata neno moja. Kwa akili yake, viboko vilikuwa bado vinakuja, na baba aliyekawia kuvitoa ni baba aliyekasirika sana. Rigobert akimwita waende kununua mikate, mtoto anajibu, "Bado, papa." Akikaa upande huu wa meza, mtoto anahamia ule. Asubuhi ya pili godoro la Plamedie, lililolowa usiku, lilikuwa limeanikwa juani. Siku ya nne mwalimu alituma ujumbe: mtoto haandiki, anatazama mlango tu.

Siku ya tano Rigobert alijikuta amesimama nyuma ya mlango, mkanda mkononi, akiwaza: vitatu tu, vyepesi, na atapanda tena mabegani. Aliwaza hivyo kweli, mtu mzima, mtu wa kanisa. Alipogundua anachofikiri, alijikasirikia mwenyewe. Alikwenda moja kwa moja chooni akautupa mkanda shimoni, akatema mate juu yake. Binti yake alimwona, akaingia ndani haraka.

Siku ya sita, alfajiri, basi la kampuni lilisimama njia panda likiunguruma. Rigobert alibeba begi lake. Plamedie alimfuata, hatua tatu nyuma, na walipofika akasema:

"Papa, haukunipiga."

"Ndiyo. Na sitakupiga tena, mama. Nilikuambia."

Mtoto alitikisa kichwa kwa upole, kama mtu anayemvumilia mkubwa anayetania.

"Haiko kitu. Ukirudia, utanipiga ya mwezi hii na ya mwezi ingine, yote pamoja." Akafikiri kidogo. "Lakini itakuwa mingi. Basi mikate haitatosha. Utanipeleka kwa zoo, kuona simba. Sawa?"

Dereva alipiga honi. Kapya alimwita kutoka dirishani, akimwuliza kama amegeuka jiwe. Rigobert alitaka kupiga kelele, lakini hapakuwa na wa kupigiwa. Kulikuwa na mlango wa basi uliofunguliwa na kazi iliyongoja, na angeikosa kazi hiyo wasingekula. Akapanda.

Alipogeuka, Plamedie alikuwa anampungia kwa mikono yote miwili. Kwa mara ya kwanza tangu baba yake afike, alikuwa anacheka.