Ijumaa za Sista Hakikisha

Hospitalini walimwita Bi Funguo, na si kwa sababu alitembea na shada la funguo kiunoni. Mfanyakazi mpya, awe daktari bingwa au karani wa mapokezi, hakuweza kugusa kompyuta yoyote mpaka yeye amfungulie akaunti, ampe neno la siri na kumwonyesha mipaka yake: hiki utakiona, kile hakikuhusu. Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya chini, ikipakana na chumba cha kufulia mashuka, kwa hiyo ilinukia sabuni kutwa, na baridi ya viyoyozi ilimlazimu kuvaa sweta hata jua likiwa linachoma nje. Mle ndani zilikaa mashine tatu nene za chuma. Ndani ya hizo tatu ziliishi nyingine ishirini na mbili zisizoshikika kwa mkono, seva pepe kama wanavyoziita mafundi, kila moja ikijiona ina nyumba yake peke yake: moja ya maabara, moja ya dawa, moja ya benki ya damu, na kuendelea. Wageni aliwaambia yeye ni mama mwenye nyumba wa wapangaji ishirini na wawili wasiojuana, na wote hawalipi kodi.

Kazi hiyo hakuisomea tangu mwanzo. Aliingia hospitali akiwa na miaka ishirini na mmoja, akibeba mafaili ya wagonjwa kutoka stoo kwenda kwa madaktari. Mkuu wa kompyuta wa wakati ule, ambaye wote walimwita Mzee hata kabla mvi hazijamtoka, aliona jinsi binti yule alivyoipanga upya stoo nzima bila kuagizwa na mtu. Akamwita, akamketisha mbele ya kompyuta.

"Haribu hapa, mbele ya macho yangu," alimwambia. "Usije ukaharibu siku ambayo sipo."

Akaharibu, akatengeneza, akaharibu tena. Mzee alimwombea nafasi ya masomo ya jioni, na alipojifungua mtoto wa kwanza katikati ya mitihani, Mzee na mkewe walikwenda kumwona na mfuko mmoja uliojaa nepi na vitabu vya somo la mitandao ya kompyuta.

Ndiyo maana Mzee alipostaafu na kumwachia kiti, Bi Funguo alikabidhiwa kila kitu na kufunga kila kilichotakiwa kufungwa, isipokuwa kimoja. Akaunti ya Mzee, yenye mamlaka ya kuingia kila mahali, aliiacha wazi. Kanuni aliijua vizuri. Aliiandika kwa mkono wake. Lakini mara mojamoja Mzee alipiga simu kuulizia waraka fulani wa zamani, na moyo ukamwia mzito kumfungia mlango mtu aliyemfungulia yeye. Alijiambia ataifunga mwezi ujao. Mwezi ujao ukazaa mwingine, hadi miaka miwili ikapita.

Katika miaka hiyo alipata mtu wa kumkosesha raha. Muuguzi mkuu wa benki ya damu, mwanamke mfupi mwenye miwani ya kuning'iniza shingoni, hakuamini jambo mpaka aliguse mwenyewe. Mfuko wa damu ukija umeshaandikwa kundi lake, yeye alipima upya. Wenzake wakamwita Sista Hakikisha, naye jina likamkaa vizuri. Ijumaa moja mchana alishuka mpaka chumba cha baridi, akasimama mlangoni na daftari lake, akataka kujua kama kumbukumbu za damu zina nakala ya akiba. Bi Funguo akamwambia zipo, zinajinakili zenyewe kila siku.

"Nionyeshe, mama."

"Nikuonyeshe nini, Sista? Mashine yenyewe inaniletea ujumbe kwamba imefanikiwa."

"Ujumbe nimeusikia. Nionyeshe damu."

Ili amwondoe mlangoni, Bi Funguo akaifungua nakala ya jana. Ilikuwa tupu. Akafungua ya juzi, nayo tupu. Kumbe kwa wiki tatu mashine ilikuwa inanakili hewa na kujipongeza. Jasho jembamba likamtoka ndani ya ile baridi. Sista hakumsema. Aliandika kitu kwenye daftari, akaaga na kusema atapita tena Ijumaa inayofuata.

Akapita kweli, na hakuacha tena. Bi Funguo, kwa aibu zaidi kuliko kwa busara, aliomba hospitali ikodi nafasi kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za kampuni ya mbali zinazofikiwa kwa intaneti. Huko akaweka nakala ya pili ya seva zote, chini ya akaunti ya pekee isiyofanana na nyingine yoyote, akaitia kufuli la siku thelathini: ndani ya siku hizo hakuna anayeweza kuifuta, hata yeye mwenyewe. Kila Ijumaa Sista alichagua mfuko mmoja wa damu kwenye jokofu, na Bi Funguo alitakiwa kuirudisha seva nzima ya benki ya damu kutoka kwenye nakala ile, kwenye mashine pepe mpya kabisa, mpaka mfuko ule uonekane kwenye skrini na namba yake. Mara ya kwanza ilimchukua kutwa nzima. Baada ya mwaka, saa moja na nusu. Juu ya hayo Sista alidai orodha ya damu yote ichapwe kwenye karatasi kila asubuhi. Bi Funguo alimlalamikia mumewe, fundi samani, kwamba kuna mtu amemkalia kooni. Mumewe akamshauri awe anaugua kila Ijumaa.

Mambo yalitokea Jumanne, saa nne asubuhi. Simu ya kwanza ilitoka maabara: majibu hayafunguki. Ya pili ilitoka duka la dawa. Kabla hajaitua ya tatu, Bi Funguo aliona kwenye skrini yake majina ya mafaili yakibadilika moja baada ya jingine, kama mtu anayezima taa chumba hadi chumba. Wadukuzi walikuwa ndani, wakiwafungia wapangaji wake wote kwa kufuli lisilojulikana, na walikuwa wameacha barua wakitaka walipwe ndipo wafungue. Hakuzima mashine, asije akapoteza ushahidi. Alikimbilia nyuma ya kabati akachomoa nyaya za mtandao kwa mikono miwili, zote, kisha akarudi kutazama ni nani aliyeingia. Jina lililokuwa pale lilikuwa la Mzee.

Aliliangalia muda mrefu kuliko alivyopaswa. Mzee, alijua, wakati huo alikuwa nyumbani akiuguza goti.

Nakala za pale pale hospitalini zilikuwa zimefutwa, kwa kuwa akaunti ya Mzee ilizifikia. Ile ya kwenye wingu haikuifikia. Hiyo ilikuwa chini ya akaunti ya pekee, iliyofunguliwa baada ya Mzee kustaafu. Bi Funguo akaazima kompyuta ambayo haijawahi kuunganishwa na mtandao wa hospitali, akapanda nayo hadi ofisi ya Sista Hakikisha, akaketi kando ya majokofu na kuiunganisha na intaneti ya simu yake. Huko kazi ilikuwa inaendelea. Mama mmoja aliyejifungua alikuwa anavuja damu wodini, na Sista, mkononi karatasi ya asubuhi, alikuwa ameshatoa mifuko minne ya kundi lake na anapima wa tano. Hakuuliza kimetokea nini. Alisogeza kiti, akasema, "Leo tumeiwahisha Ijumaa."

Vidole vya Bi Funguo vilijua njia. Mashine pepe mpya, safi, huko huko kwenye wingu, mbali na zile zilizoathirika. Nakala ya alfajiri ile. Neno la siri jipya kwa kila mtu. Saa sita na robo Sista alisoma namba ya mfuko kwa sauti, na namba ikatokea. Mama wa wodini naye aliokoka. Jioni aliomba uji. Wapangaji waliobaki, zile seva nyingine, walimchukua siku tatu, kwa sababu hao hawakuwahi kuwa na Sista wao. Wadukuzi hawakulipwa kitu.

Jumatano asubuhi, kabla uchunguzi haujaanza, Bi Funguo alikwenda kwa mkurugenzi akiwa amepiga moyo konde. Akamweleza yote, toka siku ya kukabidhiwa ofisi. "Mlango waliopitia niliuacha wazi mimi," alisema. Mkurugenzi akauliza ni nani mwingine anayejua. Akajibu hakuna. Akaulizwa, basi kwa nini anasema.

"Nisiposema, mtaziba mlango mwingine."

Mkurugenzi akavuta karatasi. Akamwandikia barua ya onyo, akaisaini mbele yake, kisha akamkabidhi usimamizi wa kazi nzima ya kujenga upya ulinzi wa hospitali. Alimwambia hamjui mtu mwingine ambaye angemwamini zaidi. Bi Funguo aliyapokea yote mawili kwa mikono miwili. Alitoka pale miguu ikiwa myepesi, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

Lililomtia hofu zaidi lilikuwa kumwambia Mzee. Alimkuta sebuleni, mguu juu ya mto. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akakiri kwamba neno lake la siri lilikuwa lile lile alilolitumia kwenye duka moja la mtandaoni, na duka hilo liliwahi kuibiwa orodha ya wateja. Akainamisha kichwa.

"Ningekufundisha vizuri," alisema, "ungenifungia siku ile ile nilipoweka ufunguo mezani."

"Ulinifundisha, Baba. Mimi ndiye niliyeona haya."

Mkewe akaleta chai, akawakuta wote wawili wanafuta macho, akadhani kuna msiba. Walipomweleza kwamba kilichokufa ni akaunti tu, alicheka mpaka akakaa chini, nao wakacheka. Bi Funguo alikaa pale hadi alasiri. Alimshukuru Mzee kwa stoo ya mafaili, kwa nepi, na kwa kila kosa alilomwacha alifanye, mambo ambayo kwa miaka kumi na tisa alidhani yanajulikana bila kusemwa.

Kwa Sista hakupata maneno. Alimpelekea kiti kipya chenye mto, kilichotengenezwa na mumewe, cha kukalia kwenye chumba cha baridi. Sista alikigeuza juu chini, akakagua misumari, ndipo akakalia.

Tangu hapo hospitali ina utaratibu mmoja zaidi. Mtu akiondoka, kwa kustaafu au kuhama, siku ya mwisho anashuka kwa Bi Funguo. Wanaketi pamoja, anasomewa kazi alizozifanya kwa akaunti ile tangu ilipofunguliwa, anashukuriwa, kisha inafungwa mbele yake. Wengi huona ni jambo dogo mpaka wafike. Juzi alishuka dereva wa gari la wagonjwa, mwanamume mkubwa asiye na maneno mengi, mwenye safari elfu kumi na moja na ushee kwenye rekodi yake. Alisikiliza, akavua kofia, akaomba kama inawezekana abonyeze mwenyewe kitufe cha kufunga. Bi Funguo akamsogezea kipanya cha kompyuta.