Swali la Mbuzi

Nikinusa zafarani ya kombe la mgonjwa, aya za kuoshwa na kunywewa, hata leo narudi chuoni kwetu kando ya Rufiji, tulikokariri Kurani kwa kelele za kuwahamisha viboko. Kumuuliza mwalimu kulikuwa utovu wa adabu.

Vita na Mdachi vilipowaka, mwanawe mwalimu alikuja kuaga, kalowa maji ya mganga. "Risasi zitayeyuka, baba."

Binti mmoja mwenzetu akaropoka, "Kaka, mmeyajaribu maji hayo kwa mbuzi kwanza?"

Tulicheka hadi makuti yakapukutika. Mwalimu akamchapa yule binti, kijana akaondoka anacheka.

Hakurudi. Tangu hapo, kila asubuhi mwalimu aliweka fimbo chini. "Ulizeni, wanangu." Tukainamia mbao zetu. Naye akangoja, macho kwa yule binti, hadi adhana ya adhuhuri.