Viti Viwili Vilivyotazama Dirisha

Mzee Bethuel Njuguna aliujua mlango ule zamani, ila jina lililobandikwa juu yake hakuwahi kulisoma. Mlango wa tatu kutoka kwenye lifti, ghorofa ya nne, chuoni Flemingsberg, nje kidogo ya Stockholm. Kwa miaka minane aliufungua kila siku ya kazi, saa kumi na mbili alfajiri, akaingia na mopu na ndoo yake. Mwenye ofisi hakumwona hata siku moja. Yeye akimaliza, watu wa ofisini bado wako kwenye treni.

Lakini fagia chumba cha mtu miaka minane uone kama hutamjua kidogo. Ndoo ya taka ya chumba kile ilikuwa na vitu viwili: maganda ya machungwa na tishu. Tishu nyingi.

"Mle ndani watu wanalia," alimwambia mkewe, Eve. "Kila siku ya Mungu."

"Labda ni daktari wa meno," Eve akasema.

Halafu kulikuwa na ile habari ya viti. Kila alfajiri alivikuta viwili, vimewekwa bega kwa bega, vimeipa meza mgongo, vinatazama dirisha. Sasa hiyo ni ofisi gani? Ofisi ina meza. Mkubwa anakaa huku, mwenye shida anakaa kule. Bethuel alidhani ni utundu wa wanafunzi. Akavirudisha, kimoja huku, kimoja kule, akavinyoosha vizuri. Kesho yake akavikuta vimegeuzwa. Akavirudisha tena. Ikaenda hivyo miaka minane. Hakuna aliyemlalamikia, naye hakumlalamikia mtu.

Alikuwa mtu wa Ol Kalou, kwenye baridi na pareto. Shule aliiacha darasa la pili. Eve ndiye aliyesoma. Eve ndiye aliyepata nafasi ya kusomea unesi Stockholm, Bethuel akamfuata na mtoto mgongoni, watu wa kwao wakimcheka kwamba ameolewa. Hakujali. Walipanga nyumba Akalla, mwisho wa reli ya bluu, wakakaa hapo hapo. Alfajiri walipanda treni ya kwanza pamoja. Wakifika Flemingsberg wanaachana juu ya ngazi: Eve anaingia hospitali, Bethuel anaingia chuo, mlima ule ule. Hawakuagana kwa maneno. Eve alimshika tu kiwiko, akaenda.

Miaka saba iliyopita Bethuel alistaafu. Miaka miwili iliyopita Eve akapigwa na kiharusi, mkono wa kulia ukalegea. Novemba iliyopita akafariki, katika hospitali ile ile aliyoifanyia kazi miaka thelathini.

Siku mbili kabla, mchana, alimwita Bethuel kwa jicho. Bethuel akainama.

"Michelle awe nesi," Eve akasema. "Usimwache hivi hivi."

"Sawa," Bethuel akasema.

Chumbani hapakuwa na mtu mwingine. Neno lile alibaki nalo peke yake.

Michelle alikuwa mjukuu wao. Mama yake alifanya kazi Malmö, mbali kusini mwa nchi, kwa hiyo msichana alikaa Akalla kwa babu na bibi ili asome. Alikuwa na miaka ishirini, na huu ulikuwa mwaka wake wa pili chuoni akichukua kozi moja moja: leo historia, kesho kemia, keshokutwa mambo ya jamii. Zote alifaulu. Hakuna aliyoichagua iwe fani yake. Kanisani watu walimuuliza anasomea nini, naye akajibu kwa Kiswidi, "Jag vet inte", sijui, akaenda kusaidia kupanga vikombe. Na maombi ya kujiunga na fani yalikuwa yanafungwa tarehe kumi na tano Aprili. Ikipita hiyo, ni mwaka mwingine wa sijui.

Mwanzoni mwa Aprili Michelle alisema amepata miadi na mshauri wa masomo. Ni mtu wa chuo, akaeleza, kazi yake kukaa na wanafunzi ambao hawajajua wanaelekea wapi.

"Tutaenda," Bethuel akasema.

"Tutaenda nani, Guka?" Ndivyo alivyomwita babu yake.

Kwao jambo kubwa haliachiwi kijana peke yake. Kama ni posa, wazee hutangulia, wakasema, wakasikilizwa. Bethuel alivaa suti aliyomzikia Eve. Akachemsha chai, akaijaza thamosi, akafunga mandazi sita kwenye karatasi. Mfukoni mwa koti alitia saa ya Eve, ile ya unesi, inayoning'inia kifuani. Neno la Eve likishaandikwa, angempa Michelle hapo hapo.

Kwenye treni Michelle aliutazama mfuko wa mandazi.

"Guka, huyo mtu ni wa ofisi. Hali mandazi."

"Umemuuliza?"

"Na usiseme kitu. Tafadhali."

"Nitasalimia tu."

"Kusalimia kwako ni nusu saa."

Juu ya ngazi za Flemingsberg Bethuel alisimama pale walipokuwa wakiachana. Hospitali ilikuwa kushoto. Michelle akamshika kiwiko bila kujua, wakaingia chuo. Lifti. Ghorofa ya nne. Mlango wa kwanza, wa pili.

"Ni huu," Michelle akasema.

"Najua ni huu," Bethuel akasema.

Aliyefungua alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mfupi, miwani kichwani. Xavérine Ndayisaba, mtu wa Bujumbura. Alipoiona suti na thamosi akaacha Kiswidi, akasema Kiswahili. "Karibuni, mzee. Lakini nianze na huyu." Akamgeukia Michelle. "Haya ni mazungumzo yako. Babu aingie ao angoje nje?"

Bethuel hakuamini masikio yake. Mtoto anaulizwa kama babu yake aingie. Michelle akatazama sakafu, akatazama mandazi.

"Aingie," akasema.

Akaingia. Na vile viti vilikuwa pale, bega kwa bega, mgongo kwa meza, vikitazama dirisha. Mama Xavérine aliongeza cha tatu kando, akamkaribisha. Bethuel hakukaa. Aliweka thamosi sakafuni polepole.

"Mama," akasema, "viti hivi ni nani anavigeuza?"

"Ni mimi."

"Kila siku?"

"Kila siku. Kulikuwa na mtu wa usafi, alikuwa anavirudisha. Asubuhi navikuta vimenyooka kama vya askari. Nikafikiri ni sheria ya kampuni yao, nikanyamaza, nikageuza. Miaka na miaka." Akacheka kidogo. "Halafu siku moja nikakuta havikurudishwa. Na kesho yake vilevile. Nikajua yule mtu ameondoka. Nikauliza ni nani, hakuna mwenye kumjua jina. Nilisikitika, mzee, siwezi kusema uongo."

Bethuel alikaa sasa. Miaka kumi na tisa alisafisha jengo lile, minane ya mwisho na chumba hiki, na hakudhani kwamba alipotoka kuna aliyeona pengo.

"Bethuel Njuguna," akasema. "Ndiyo jina."

Mama Xavérine akateremsha miwani, akamtazama. Alifungua thamosi, akamimina chai vikombe vitatu, akachukua andazi la kwanza.

"Kwa nini unavigeuza?" Bethuel akauliza.

"Nilipofika nchi hii nilikaa mbele ya meza. Bwana mmoja upande wa pili, ana karatasi. Akaniuliza umri, akaandika kazi nitakayosomea. Nilifanya kazi hiyo miaka sita. Kazi si mbaya. Lakini haikuwa mimi niliyechagua, ni meza." Akafuta sukari mdomoni. "Mtu akitazamwa usoni anajibu anachodhani unataka. Mkitazama dirisha pamoja, anasema chake."

Bethuel akaona saa imefika. Akakohoa.

"Huyu mtoto ni wa unesi," akasema. "Bibi yake alikuwa nesi. Mwandikie, mama, twende tusikuchoshe."

"Mzee, mimi siandiki. Anaandika yeye." Alisema kwa heshima, na mjadala ukawa umekwisha. Akahamia kiti cha kando ya Michelle, wote wawili wakaelekea dirishani. Chini kule treni ya abiria ilikuwa inaingia stesheni.

"Niambie kitu ulichofanya mwaka huu bila mtu kukutuma," mama Xavérine akasema.

Michelle hakujibu.

Mama Xavérine naye hakuongeza. Bethuel alingoja amsaidie, amkumbushe, amkaripie hata. Wapi. Mama alikaa tu, mikono magotini. Treni ikaondoka. Nyingine ikaja. Bethuel alikuwa na maneno mdomoni, akayameza pamoja na chai. Hakuwahi kuona mtu mzima, mwenye ofisi, ananyamaza namna hiyo mbele ya mtoto kana kwamba mtoto ndiye mkubwa. Mwili ulimsisimka, kama kanisani kabla ya wimbo kuanza.

Treni ya tatu ilipopita, Michelle akasema, "Nilitengeneza kijiko."

"Kijiko."

"Cha Shosho, bibi yangu. Mkono wake haukuweza kushika. Alikuwa anamwaga uji, anaona haya, anasema ameshiba." Aliongea Kiswidi sasa, haraka. "Nilikata mpira wa mshikio wa baiskeli nikauvisha kijiko. Cha kwanza kilivunjika. Cha pili kilikuwa kizito. Cha tatu nilikikunja shingo kidogo, hivi, ili mkono usigeuke. Halafu vifungo vya gauni, nikashona vikubwa. Halafu nikabandika utepe mwekundu ukutani hadi bafuni, kwa sababu jicho la kulia halikuona vizuri…"

Mikono yake ilikuwa hewani, ikipinda, ikishona. Bethuel alimtazama. Tangu mazishi hakumsikia akisema maneno zaidi ya kumi kwa mara moja. Na utepe ule yeye mwenyewe aliuchukia, alisema unaharibu rangi. Kijiko alikiona ni mchezo. Kumbe mle jikoni kwake mtu alikuwa kazini.

Hapo ndipo alipoelewa zile tishu zote za miaka minane. Hakuna aliyeadhibiwa mle. Watu walikuwa wanajisikia wakisema yao kwa mara ya kwanza. Na Michelle alikuwa ameshachukua moja.

Mama Xavérine hakusema "basi wewe ni fulani." Aliandika fani tatu kwenye kikaratasi, unesi ukiwamo, na namba za simu za watu watatu wanaozifanya. "Kakae na kila mmoja asubuhi moja," akasema. "Usiulize sana. Angalia mikono yao." Akamsindikiza Bethuel mpaka lifti, andazi la pili mkononi. Saa ya Eve ilirudi Akalla ndani ya koti.

Michelle alikwenda. Asubuhi tatu, sehemu tatu. Akirudi aliingia chumbani kwake, na Bethuel hakuuliza, ingawa hilo neno la Eve alilala nalo na kuamka nalo.

Tarehe kumi na nne, saa kumi na mbili jioni, mwanga bado upo nje, Michelle alikuwa chumbani na kompyuta, mlango umefungwa. Bethuel alisimama jikoni. Alivitazama viti viwili vya mezani, chake na kile alichokuwa akikalia Eve. Akavivuta. Akaviweka bega kwa bega, mgongo kwa meza, vikitazama dirisha na nyumba za ng'ambo. Akakaa kwenye chake.

Michelle alitoka kuchukua maji. Akaona viti. Akasimama kitambo, akaja akakaa.

Ulimi wa Bethuel ulimwasha. Nesi, nesi. Akaukalia. Mama mmoja aliyapita maegesho na mbwa wake, akarudi tena na mbwa wake, na bado hakusema.

"Guka," Michelle akasema. "Unesi nimeuweka wa pili."

Bethuel akaendelea kutazama dirisha.

"Wa kwanza ni arbetsterapeut. Ni wale wanaomfundisha mgonjwa kuvaa tena, kula, kupika. Wana karakana, Guka, wanatengeneza vijiko. Nilikaa kule asubuhi, nikatazama saa, ikawa saa nane." Akaitazama mikono yake. "Najua Shosho alitaka nini. Nilikuwa nimesimama mlangoni na maua. Nilisikia."

Kumbe. Miezi mitano alidhani analibeba peke yake, na mtoto alikuwa analo upande wa pili wa ukuta. Ndiyo maana hakuchagua. Angechaguaje?

Bethuel aliinuka, akaitoa saa ya Eve kwenye koti, akamwekea kiganjani.

"Lakini mimi siwi nesi," Michelle akasema.

"Wagonjwa wako hawali kwa saa?"

Michelle akacheka na kulia pamoja.

"Shosho yako nitazungumza naye mimi," Bethuel akasema. "Nilimwambia sawa bila kukuuliza. Kosa ni langu."

"Utamwambia nini?"

"Nitamwambia ile habari ya kijiko." Akatazama dirisha. "Kile kijiko mimi ndiye ninayekilia uji."

"Najua, Guka. Mimi ndiye ninayeosha vyombo."

Akaleta kompyuta, akaiweka magotini, akabonyeza kutuma maombi mbele yake. Bethuel hakuweza kusoma yaliyoandikwa. Aliona alama ndogo ya kijani ikitokea, ikatulia.

Asubuhi aliamka kabla ya treni ya kwanza, kama alivyozoea. Alivikuta viti vile vile, bega kwa bega, vinatazama dirisha. Akapita pembeni, akachemsha chai. Hakuvigusa.