Picha Iliyolala Upande

Siku ile ya Lyamkena huwa naikumbuka kila ninapoona kitu cha mtumba kimebandikwa stika, na tangu jana uliponitumia picha ya ule ubao wa kuteleza mawimbini kwenye simu, nimeikumbuka kuliko kawaida.

Picha nimeiona, mwanangu. Nimeikuza kwa vidole viwili kama ulivyonifundisha. Ubao ni mweupe, mgumu, unang'aa, na hapo karibu na pua yake kuna stika kubwa imeandikwa "Mungu Kwanza". Chini yake ukaniandikia kwamba muuzaji yuko Makambako, kwamba ni mtu wa kanisa, na kwamba ubao umetumika kidogo tu. Mambo hayo matatu yakikaa pamoja, mimi usingizi hunitoka. Sijasema ni tapeli. Nasema simjui, wewe humjui, na maji ya ziwa hayamjui yeyote kati yetu.

Unajua mimi ni mzee wa mbao na maparachichi hapa Njombe, na labda unashangaa babu yako anajua nini kuhusu kuteleza juu ya mawimbi. Tangu upangiwe kufundisha kule ziwani, kila likizo unanisimulia ule ubao wako wa sponji, nami nakaa kimya nakuna kidevu. Basi leo nakusimulia wa kwangu, na uusikilize hadi mwisho kabla hujamtumia yule mtu neno lolote.

Nilikuwa kijana kama wewe nilipotoka Mlangali, nikaacha mahindi na maharage ya baba, nikashuka Nyasa kuwa msaidizi wa fundi aliyekuwa akiezeka zahanati ya misheni. Pale palikuwa na mwalimu mgeni kutoka ng'ambo ambaye kila jioni upepo wa kusini ulipoamsha maji alikuwa akitoka na mbao zake mbili, mmoja wa sponji na mmoja mgumu. Alinifundisha juu ya ule wa sponji. Alipomaliza muda wake akaondoka na ule mgumu, wa sponji akaniachia. Watu wa ufukweni walinicheka hadi wakachoka. Mtu wa milimani, wa kuzaliwa kwenye ukungu, amelala kifudifudi juu ya godoro katikati ya ziwa. Wakaniita Bwana Godoro, na jina likanata.

Ubao wa sponji una huruma, hilo unalijua. Unakosea, unaanguka, unakupiga kichwani, unacheka, unarudi. Unaelea kama dumu tupu hata ukifanya ujinga gani. Lakini kuna jambo ambalo watu wa ufukweni hawakulijua, nami sikumwambia mtu. Kuogelea sikujua. Nilijua kupiga maji kama mbwa aliyetupwa mtoni, basi. Huku kwetu kwenye baridi hii nani alitufundisha kuogelea? Mimi nilishika sponji, na sponji ikanishika mimi, tukaelewana.

Baadaye sponji ikaanza kunichosha. Ilijikunja katikati, ikawa nzito kugeuka, wimbi linakimbia na mimi nimebaki nyuma kama mzigo. Nikawa namwaza yule mwalimu alivyokuwa akilikata wimbi kwa ubao wake mgumu, kwa sauti ile kama kitambaa kinachochanwa. Niliutamani hadi nikawa sisikii ladha ya chakula.

Ndipo dereva mmoja wa lori akaniambia kuna ubao wa namna hiyo Lyamkena, pale Makambako, umekuja na mitumba kutoka Dar. Hakuna aliyejua ni wa nini. Mama mmoja alishaanza kupatana bei ili autumie kupigia pasi. Weee, mwanangu, yule mama wa pasi alininyima raha. Nikaomba ruhusa kwa fundi, nikapanda hadi Makambako.

Nilifikia kwa shangazi Agata, dada mkubwa wa baba. Alikuwa akiuza maharage sokoni, na kwenye gunia hakuamini punje za juu. Alizamisha mkono hadi kwapani, akatoa punje za chini kabisa, akaziuma mbele ya mwenye gunia huku akimtazama usoni. Na alikuwa mtu wa sala kuliko wote niliowahi kuwajua. Hata kuvuka barabara kuu penye malori alianza na ishara ya msalaba, kisha akatazama kushoto na kulia kama watu wengine.

Shangazi aliniambia nitangulie kwenye duka la mitumba, atakuja akifunga meza yake. Mwenye duka nitamwita Bwana Mpole, maana alizungumza taratibu sana, kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Mimi machale yalinicheza palepale. Mtu wa mitumba, kwenye mji wa njia panda, katikati ya makelele ya wapiga debe, ule upole anautoa wapi? Tena alikuwa na viatu vizuri kuliko duka lake. Aliona rozari shingoni mwangu kabla hajaona uso wangu.

"Hata mimi ni mtoto wa Mama," akasema, akaugeuza ubao.

Upande wa tumbo, kuelekea mkiani, palikuwa na picha ya Bikira Maria. Stika nzuri, ya buluu, kubwa kuliko kiganja.

Usidhani nilikuwa mjinga. Nilikuwa mtu wa mbao, na nilimshuku yule bwana toka kisogoni hadi kwenye viatu. Nilifumba jicho moja nikatazama ukingo mzima kama umepinda. Nilinusa. Niliminya mapezi yake kama yanacheza. Kisha nikaanza kuugonga kwa vifundo vya vidole kama tunavyogonga mbao, nikisikiliza, maana ule ubao kwa ndani ni sponji pia, ila umevishwa ngozi ya faiba, na ngozi ikiachana na nyama yake sauti hubadilika. Ko, ko, ko. Safi. Nikafika kwenye picha, mkono ukaruka. Ukatua upande wa pili, ko, ko, safi. Mwanangu, nani angemgonga Mama wa Mungu usoni? Mama aliyenizaa angenikana. Bwana Mpole aliuona mkono wangu ukiruka, akatabasamu, nami nikalichukua lile tabasamu kuwa la heshima.

Shangazi akafika. "Kamwene," akamsalimu, wakajibizana salamu zote hadi za watoto. Kisha akainama penye ubao, akafanya ishara ya msalaba, akagusa ile picha kwa ncha za vidole, akavipeleka midomoni. Bwana Mpole akatabasamu. Mimi pia nikatabasamu. Nilijua imekwisha, ubao ni wangu, mama wa pasi atafute meza.

Lakini shangazi hakuinuka.

"Hii nani kaibandika?"

"Mimi mwenyewe, mama. Kwa ibada."

"Kwa ibada," shangazi akarudia. Akainamisha kichwa upande, kama mtu anayesoma kibao kilichoanguka. "Na nyumbani kwako umemweka hivi? Kalala upande?"

Mimi nikaitazama ile picha, kwa mara ya kwanza nadhani. Kweli ilikuwa imelala. Haikuwa katikati ya ubao, haikufuata mstari wowote, imekaa kimshazari kama imeangushwa na upepo.

"Mwenye ibada humweka katikati, wima," shangazi akasema. "Huyu amelazwa kama mgonjwa. Amelalia nini?"

"Usiibandue, mama," akasema yule bwana, na hapo upole ulipungua. "Ni dhambi."

"Dhambi yangu nitaiungama mwenyewe. Baba, shika huku."

Baba ndiye mimi. Nikashika. Shangazi akaingiza ukucha kwenye kona ya picha, akaanza kuivuta polepole isichanike, huku midomo yake ikisema Salamu Maria. Alifika mwisho wa sala na picha ikawa imetoka nzima. Chini yake palikuwa na ufa mrefu, kimshazari vilevile, umezibwa kwa nta ya mshumaa na kulainishwa vizuri. Shangazi akaikwangua nta. Akaweka dole gumba kando ya ufa, akaminya. Ngozi ya ubao ikabonyea kama parachichi lililoiva kupita kiasi, na maji ya kahawia yakatoka, yananuka maji ya maua yaliyosahauliwa makaburini. Ubao ulikuwa umekaa dukani humo mbali na maji yoyote, na bado ulikuwa umeyabeba tumboni.

Nilitegemea atamgeukia Bwana Mpole. Akanigeukia mimi.

"Wewe unajua kuogelea?"

Watu walishaanza kujaa. "Kidogo," nikasema.

"Kidogo kama nani?"

Wakacheka. Shangazi hakucheka. "Sponji ilikubeba. Hili libao lingekunywa maji na wewe uko juu yake, mbali na watu, ukazama nalo huku umemkumbatia Mama wa Mungu. Kaka yangu ningemwambia nini?" Sijawahi kumwona shangazi Agata akilia, si kabla wala baada, na hata siku ile hakulia, ila alikunja kanga yake mkononi mara nyingi kuliko inavyohitajika. Kisha akasema taratibu, kwa ajili yangu peke yangu, "Huyu umemshuku kwa sauti yake na viatu vyake. Pale ulipoogopa kugusa, hapo ndipo ulipoacha kushuku. Na yeye alijua utaogopa."

Kuhusu Bwana Mpole sitakuambia zaidi ya nilichokiona. Aliuchukua ubao akaurudisha ndani, akisema hata yeye aliuziwa hivyohivyo. Labda. Ila picha alisema kaibandika mwenyewe, na nta ya mshumaa haijipaki.

Tulirudi nyumbani na picha, bila ubao. Nilikuwa na hasira na shangazi, nilikula maharage yake bila kufungua mdomo. Yeye alinituma stuli, akapanda, akaibandika ile picha juu ya mlango wa jiko, katikati, wima, akinyoosha na kurudi nyuma kuitazama mpaka akaridhika. Kisha akaniambia, akiwa bado na kisogo kwangu, kwamba nijifunze kuogelea kwanza, hayo mengine yatafuata. Nikarudi ziwani kwa godoro langu la sponji. Nikajifunza, maji yakiniingia puani na masikioni, watoto wadogo wakinipita kama samaki.

Ubao mgumu niliupata baadaye, nao ulikuwa wa mtumba vilevile. Ulikuwa mbaya wa sura, umejaa viraka. Mwenyewe alinionyesha kabla sijauliza. Hapa uligonga jiwe. Hapa nimeuziba vibaya, utazame. Hapa sijui kuna nini. Lile "sijui" ndilo lililonifanya nimwamini. Siku ya kwanza niliposimama juu yake ulikimbia kuliko nilivyotarajia, nikaanguka, nao ukanirudia ukanipiga kidevuni. Hili kovu unaloniuliza tangu utoto wako, nami nakujibu ni mbao za msitu wa Njombe, ndilo hilo. Ubao mgumu hauna huruma, mwanangu. Ila nilipotoka na damu yangu, niliogelea mwenyewe hadi nchi kavu.

Basi sikia ninachokuomba. Sponji usiigawe bado. Mwambie yule mtu wa Makambako aibandue ile stika, apige picha upya. Akisema itaharibu rangi, akisema ni jina la Mungu, akisema ana haraka na mteja mwingine yuko njiani, mshukuru kwa adabu na uachane naye. Akikubali, ubao ulazwe juani mchana kutwa, uone kama unatoa jasho. Ugonge wote, na pale mkono wako utakapotaka kuruka, hapo ugonge mara ya pili. Watu wabaya hawafichi kitu mahali unapopatilia shaka. Wanakificha chini ya kile unachokiheshimu, maana wameshakusoma. Kumshuku mtu kwa sura yake ni rahisi, hata mimi niliweza. Kazi ni kushuku kile unachokitamani.

Na kabla ya hayo yote nijibu swali la shangazi Agata. Usinijibu kwa simu, maana kwa simu kila mtu anaogelea. Jumamosi nitateremka Makambako, tutakwenda wote kumwona huyo mtu wa kanisa, na mimi nitakuwa na rozari yangu nje ya koti, aione vizuri.

Ile picha ya shangazi ninayo, juu ya mlango wangu, ile uliyokuwa ukiifanyia ishara ya msalaba ulipokuwa mdogo. Leo asubuhi nimeibandua kwa ajili yako. Mgongoni mwake bado kuna mstari wa nta, kimshazari, na doa la maji ya kahawia. Nitakuja nayo uguse.

Mungu akupe uchaji wa shangazi Agata na ukucha wake pia. Akupe mawimbi yanayokutosha na ubao unaokwambia kasoro zake. Na kila jioni utakapoingia majini, mwanangu, akutoe mzima, iwe ubao upo au haupo.